Bustani ya Mabosi

Siku hizi bustani ya mboga Dar es Salaam haianzi na mbegu, inaanzia dukani. Bosi ananunua buti, glovu, vyungu vya bei mbaya na udongo wa mfuko, kisha anapiga picha. Mchicha wenyewe anaagiza gengeni.

Jirani yake mpangaji kaokota kiroba cha mchele, kakijaza udongo na samadi ya mbuzi ya kuomba, katikati kapanga kokoto za kupitishia maji. Ubavuni katoboa matundu, kachomeka mashina ya matembele yaliyobaki jikoni. Anamwagilia maji aliyooshea mchele. Wiki chache tu, anachuma.

Bosi sasa anamuuliza kozi hiyo kaisomea wapi. Mheshimiwa, kozi hiyo haina ada, inaitwa njaa.