Mshauri Wenu: Hema, Mlima na Mkwe

"Bwana Mshauri, mimi ni fundi mitambo mgodini Mwadui. Tumeazimia na wenzangu kwenda Ngazija kuupanda mlima Karthala na kulala huko hemani. Mke wangu asema nimerogwa, maana hakuna mwenye akili atoaye nauli akalale chini. Nami, iwe siri yetu, nauogopa moto. Mwenye Hema Jipya."

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma kwa taadhima, ila nastaajabu kwamba wewe, ambaye riziki yako yote yatoka katika koo la volkeno iliyokufa kabla ya Adamu, kwa kuwa mwamba ule wa almasi alioubaini Dakta Williamson mwaka 1940, wenye eneo la hekta 146 hivi, si kitu ila tundu ambalo zamani moto wa chini ulipandia, leo wauhofia mlima kwa sababu tu wenyewe ungali hai.

Hata hivyo hofu yako si batili. Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, mwaka 1903 ulitoa hewa ya sumu iliyoua watu 17, na Aprili 2005 majivu yake yaliwahamisha maelfu. Kwa hiyo uliza habari za mlima ufikapo Moroni, umchukue mwenyeji akuongoze, na ukungu ukishuka ukae palepale, hata kama mwenzenu mmoja, na katika kila msafara yumo, ataapa kwamba njia aijua.

Lakini la kuogopwa zaidi ni kiu. Ngazija haina mto utiririkao mwaka mzima, ijapokuwa mvua yake ni nyingi. Mwamba wa lava, kwa vitundu vyake, huinywa mvua kabla haijapata kuwa kijito, na ndiyo sababu watu wa huko aghalabu hukinga maji ya paa katika mabirika, na ndiyo sababu majivu yale ya 2005, yalipoingia mabirikani, yaliwaacha wengi bila maji ya kunywa. Basi toa shantani sufuria na redio, utie maji, michembe na blanketi zito, maana usiku wa huko juu ni baridi. Kisha, kabla ya safari, lala hemani uani kwako usiku kucha. Mbu na majogoo wakikurejesha chumbani, mwombe mkeo radhi na uuze hema.

"Mshauri, nimekuja Mwadui kumwona binti yangu, nikamkuta mkwe wangu amehamia uani katika kijumba cha kitambaa. Kumwuliza siwezi, ni mkwe. Je, ndoa ingalipo? Mama wa Maganzo."

Shikamoo, Mama. Ndoa ipo, wala hakufukuzwa. Maadamu heshima ya ukwe haikuruhusu kumkabili, mtume mjukuu ampelekee jioni dumu la lita 5, na alfajiri akalitazame: likiwa tupu, mwambie binti yako amfungie mumewe mawili.