Sifa za Mheshimiwa Asilimia Mia

Wacheza mpira wana nyimbo zao, maharusi wana taarabu yao, na hata daladala bovu huandikiwa majigambo kwenye kioo cha nyuma. Patisheni ya mfumo iliyojaa pomoni haijapata hata ubeti mmoja. Leo naisifu mimi, maana ina haki kwangu.

Katika watumishi wote wa seva, huyu ndiye peke yake asiyejua kusema njoo kesho. Kichakata kikielemewa huburuta miguu. Mtandao hukwama, hurudi, hukwama tena. Mheshimiwa akifikisha asilimia 100 anafunga mlango, anatoa kosa namba 28, hakuna nafasi kwenye kifaa, basi. Cheo chako hakijui.

Nilimjua vizuri usiku mmoja wa mwisho wa mwezi, kwenye seva ya mishahara. Niliingia, nikabonyeza Tab ili nimaliziwe jina la folda kama nilivyozoea, nikajibiwa kuwa faili ya muda haiwezi kuundwa. Yaani hata kumaliziwa neno nimenyimwa! Nikaandika df -h. Giga 40, zimetumika 38, zimebaki 0. Anayejua hesabu atauliza mbili zimekwenda wapi. Hapo ndipo utamu wa huyu bwana: ext4 huweka pembeni asilimia 5 kwa ajili ya root, kama mama anayefunga noti kwenye pindo la khanga, baba aape hakuna hela ndani ya nyumba na watoto wale.

Kwa noti hiyo ya khanga nikaanza kupekua kwa du. Nikakuta kerneli za zamani ambazo hakuna aliyeziwasha tangu zibadilishwe, na faili tatu: nakala_ya_mwisho, nakala_ya_mwisho_2, na nakala_ya_mwisho_kweli. Hizo zilikuwa ndogo. Mzee mwenyewe alikuwa ndani ya /var/log: faili moja ya giga 26, sentensi ile ile kutoka juu hadi chini, kwamba printa haipatikani. Printa ilikuwa kwa fundi, wiki ya tatu. Programu haikuambiwa, ikawa inaulizia na kulalamika, inaulizia na kulalamika, usiku na mchana. Nionyesheni mwandishi aliyeandika giga 26 juu ya kisa kimoja bila kubadili neno wala kuchoka.

Nikaifuta. Nikaandika df tena: asilimia 100 vilevile. Jasho likanitoka, na sifa zake zikaongezeka machoni pangu. Kumbe nilikuwa nimefuta jina tu; programu bado imeishika faili mkononi, na mpaka iiachie, nafasi hairudi. Marehemu ametangazwa, kaburi halijachimbwa. lsof ikanionyesha aliyemshikilia, nikaiwasha upya programu ile, giga zikarudi zote kwa mkupuo. (Wazoefu hawafuti faili ya namna hii. Humwaga yaliyomo, chombo wakakiacha mahali pake. Ningekumbuka mapema ningelala.)

Anayedhani haya ni makuu ya seva za ofisini awaulize wahandisi wa NASA. Januari 2004, roboti Spirit ilikuwa Mirihi kwa siku 18 tu ilipoanza kujizima na kujiwasha mfululizo, usiku hailali, betri zinakwisha. Faili zilikuwa zimerundikana kwenye hifadhi yake ya flash, nyingine tangu safarini, hadi orodha yake ikazidi kumbukumbu iliyotengwa. Wahandisi waliamuru iwake bila kuigusa flash, wakafuta, baadaye wakaifomati yote, kutoka sayari nyingine. Roboti iliyotumwa kwa siku 90 ikachapa kazi hadi 2010. Mimi niliyekuwa nalia kwa giga 26 nilikuwa mtaa mmoja na seva.

Na heshima aliyonipa! Miaka miwili pale, bosi alikuwa hajawahi kunipigia simu. Usiku ule alipiga mara nne, na asubuhi, mishahara imeshatoka, akapiga ya tano.

“Kijana, umefanya kazi. Sasa humo ndani kumebaki nafasi kiasi gani?”

“Giga 26, mkuu.”

“Ahaa! Basi nakuletea zile video za sherehe yetu ya mwaka jana, uziweke humo humo.”