Hotuba ya Pongezi kwa Mtoto Asiyelala

Mgeni rasmi, itifaki ikiwa imezingatiwa, nasimama kumpongeza mtoto mchanga asiyelala. Nasimama kwa sababu nikikaa nitasinzia. Wapo wanaomwita msumbufu, na wapo wanaomwombea dua abadilike. Hao ni watu waliolala. Mimi ninayeshiriki naye chandarua kimoja nasema kiumbe huyu hajapata kutendewa haki, na deni hilo lilipwe leo.

Sifa yake kuu ni ulinzi. Mtaani kwetu Kimara kila kaya inachangia ulinzi shirikishi, na mjumbe hupita kila mwisho wa mwezi na daftari lake kwapani. Kwa fedha hizo tumepata vijana wawili wenye tochi na filimbi. Filimbi hulia mara moja, saa tano usiku, ili mwizi ajue kwamba wao ndio wanakwenda kulala. Mwanangu hana filimbi wala haihitaji. Lindo lake la kwanza linaanza saa sita, la pili saa nane, la tatu saa kumi, na katikati hufanya doria za kushtukiza. Hajakutwa hata siku moja amejikunja kwenye kiti cha plastiki. Hajaomba sare, buti wala koti la mvua. Mshahara wake ni maziwa, na ukichelewa hutangaza mgogoro mpaka nyumba ya nne.

Tangu aje hatujaibiwa hata ndala za mlangoni. Mwizi gani ataijaribu nyumba ambayo saa nane za usiku taa inawaka, mwanamke mwenye kanga moja anazunguka sebuleni, na begani kwake kuna mtu anayepiga kelele kama ameshashikwa? Paka waliokuwa wakipigana juu ya bati wamehama. Jirani aliyefunga kamera nne ukutani amekiri kwamba zake zinarekodi tu, ila huyu wetu anatoa taarifa. Huduma yenyewe imevuka mipaka ya kaya. Mlinzi wa ghorofa la mbele, mzee mkongwe katika fani hiyo, alikuja getini asubuhi moja, akavua kofia, akasema kwa adabu zote, "Mama, mtoto mpelekeni hospitali. Siku hizi sipati usingizi kazini." Nilimpa pole. Kisha nikamwambia mjumbe kwamba ama kaya yetu isamehewe mchango, ama mtoto aingizwe kwenye orodha ya malipo. Alicheka, akakata stakabadhi.

Sifa nyingine nazigusa tu, maana muda si rafiki. Amefufua ibada: adhana ya alfajiri hainipiti. Amemaliza ugomvi wa rimoti, kwa kuwa hakuna anayefika taarifa ya habari akiwa macho. Na amemfunulia baba yake kipaji cha ajabu. Simu ikitetemeka chini ya mto kuleta matokeo ya mechi, baba huyo huruka kitandani. Kilio kilicho jirani na sikio lake hakimfikii.

Ukiuliza wataalamu, wako upande wa mtoto. Mtoto mchanga hulala sana, saa 14 hadi 17 kati ya 24, ila hazilali kwa mkupuo. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Karibu nusu ya usingizi wake ni ule wa kuguna, kujinyonganyonga na kukunja uso, ambao mlango ukilia tu umekwisha, na duru moja haizidi sana saa moja. Saa ya mwilini ya kutenganisha usiku na mchana huanza kushika baada ya miezi miwili au mitatu. Kilio nacho hupanda, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha huteremka chenyewe. Mwaka 1954 daktari mmoja wa Marekani, Morris Wessel, na wenzake waliwawekea kipimo hata wale wanaolia kupita kiasi: mtoto mzima, anayenyonya vizuri, lakini analia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki. Kwa hiyo mwanangu si mkaidi. Anafuata ratiba.

Ratiba hiyo inapingwa na kamati. Wajumbe wa kamati ni kila mtu aliyewahi kuingia sebuleni kwangu, na ajenda ni moja: "Analala?" Mama mkwe alisema ni mchango wa tumboni. Shangazi akafunga mvuje mkononi mwa mtoto, ukanukia sebule nzima na mimi mwenyewe hadi kazini. Mama wa nyumba ya pili akashauri uji mwepesi wakati wa jioni, "ashibe", wakati mtoto hata shingo ilikuwa haijakaza. Kuna aliyeleta ile dawa ya maji ya gesi tumboni. Chimbuko lake ni William Woodward wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na sifa ya kutuliza watoto wa enzi za Malkia Victoria hainishangazi, kwani mchanganyiko wa mwanzo ulikuwa na pombe. Aliyesema la maana ni nesi wa kliniki, na hakutumia dakika mbili. Alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama kadi. "Anaongezeka vizuri. Mlaze chali, usimrundikie mito, mchana mwache kwenye mwanga na kelele, usiku zima taa na usimchezeshe. Na wewe akilala, lala."

Akilala, lala. Sufuria nazo zitalala, nadhani.

Kisha nikafika duka la dawa. Kijana wa kaunta alinitazama macho yalivyoniiva, akateremsha chupa ya dawa ya mafua yenye promethazini bila hata kuulizwa. "Kijiko kidogo tu, mama. Watoto wa huku wote wanalala na hii."

Mgeni rasmi, hapa natoka nje ya hotuba. Dawa hiyo haifai kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzima pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali juu ya hilo mwaka 2004. Na sisi tunauziwa kwa kijiko, kwa tabasamu, na chenji inarudishwa. Wala sitawatukana mama wanaonunua. Najua kinachowafikisha pale kaunta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri wanatakiwa wawe kituoni.

Maana mtoto hajawahi kudai tuamke saa kumi na moja tukapande basi. Anayedai hivyo ni mwajiri.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Anaruhusiwa kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Akianza hapo, kwa kuwa miguu imevimba na ngazi za ofisi hazipandiki, anarudi kazini mtoto ana wiki nane: kilele cha kilio ndiyo kwanza kimepita, na usiku kwa mtoto bado ni mchana. Wiki 12 ndiyo hesabu iliyopitishwa Washington mwaka 1919, katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani. Mwaka 2000 wenyewe wakaona hazitoshi, wakaandika 14. Sisi tumebaki na za 1919. Baba anapewa siku tatu, tena azitumie ndani ya wiki ya kwanza, kabla mtoto hajaanza kulia sawasawa. Ukutani kliniki, serikali hiyohiyo imebandika bango: maziwa ya mama pekee, miezi sita. Sijui aliyebandika bango na aliyeandika sheria kama wamewahi kusalimiana.

Haki ipo moja ya kunyonyesha: hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Kutoka ofisini Posta hadi nyumbani Kimara na kurudi, saa hizo zinaliwa na foleni, na mtoto anapungiwa mkono dirishani. Hata hivyo niliandika barua ya kuziomba. Afisa rasilimali watu aliisoma mara mbili, akauliza kama mtoto hawezi kuzoeshwa.

"Azoeshwe nini?"

"Kulala usiku, dada yangu. Kama watu wazima."

Mtu mzima wa karibu alikuwa mkuu wa idara, chumba cha pili. Kila siku baada ya wali wa mchana mlango wake hufungwa, na katibu muhtasi hutuambia yuko kwenye kikao. Kikao kinakoroma hadi saa tisa. Hakuna aliyewahi kushauri afungwe mvuje.