Sifa za Mkweche

Magari mapya hayakosi wa kuyasifu. Yana benki, yana madalali, yana mabango makubwa barabarani yenye mwanamke anayecheka bila sababu. Mkweche hauna msemaji. Makonda wa daladala wanauzomea, mafundi wanautikisia kichwa, na mtoto wa mwenye gari akipelekwa shule anaomba ashushwe mbali kidogo na geti. Dhuluma hii imetosha. Leo nausifu mkweche hadharani, na ili nisionekane nasifu hewa, nautaja kwa jina: Toyota Carina Ti ya injini ya 5A, gari ambalo Toyota waliacha kulitengeneza mwaka 2001 na Dar es Salaam haijapata habari hiyo hadi leo.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo mkweche unaposingiziwa zaidi. Jamaa anayekushauri "uza, nunua lingine" hajawahi kukaa na kikokotoo cha TRA. Akae. Achague gari dogo la cc 1,500 lenye umri wa miaka 12, lile aliloliona kwenye simu kwa bei ya kutamanisha. Juu ya bei na usafiri hadi bandarini kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini. Kisha, kwa kuwa gari limepita miaka 10, kuna asilimia 30 nyingine kwa kosa la kuzeeka. Halafu inakuja VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya yote hayo. Ukijumlisha, kodi inakaribia kulingana na gari lenyewe pamoja na meli iliyolileta. Na TRA hawakuulizi umelinunua kwa bei gani. Wana thamani yao kwenye mfumo. Mkweche wako nao umezeeka, lakini umezeekea ndani ya nchi. Umezeeka bure.

Tena tushukuru kwamba sisi tunaruhusiwa kulipia uzee. Jirani zetu Kenya hawaruhusu gari lililopita miaka 8 kuingia kabisa, na Uganda wamefunga mlango kwa lililopita miaka 15.

Halafu hilo lingine ni jipya kwa nani? Kwetu gari jipya ni lile ambalo Mjapani amelichoka. Kwao ukaguzi wa lazima, wanaouita shaken, huja miaka 3 baada ya gari kununuliwa, kisha kila miaka 2, na gharama zake huwafanya wengi waone heri kuliachia gari. Maana yake ni kwamba yupo mtu Nagoya au Osaka aliyeishi na gari hilo, akazijua tabia zake, akapiga hesabu ile ile inayokukosesha usingizi wewe, nitengeneze au nibadilishe, akaona bora abadilishe. Uamuzi wake ndio unaokufikia bandarini, umepigwa polishi. Unauacha mkweche ambao magonjwa yake unayajua kwa majina, unakwenda kuchukua ule ambao magonjwa yake yameandikwa Kijapani. Nao utakusemesha. Kila asubuhi ukiwasha, sauti ya binti mwenye adabu nyingi inakueleza jambo. Ni kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Redio yake imetengenezwa kwa masafa ya kwao, yaliyokuwa yakiishia megahezi 90, kwa hiyo stesheni nyingi za mjini huzipati mpaka fundi aongeze kifaa. Wahenga walishasema usitupe mbachao kwa msala upitao, na wao hawakuwahi hata kulipa ushuru wa msala.

Kwenye kula, mkweche una staha. Gari jipya linataka zake zote kwa mkupuo, au linakufunga kwa mkopo ambao makato yake yanakuja hata mwezi ambao gari limelala. Mkweche unakula kidogo kidogo, kama daftari la madeni dukani kwa Mangi: leo plagi, wiki ijayo feni belti, mwisho wa mwezi boljointi. Hakuna siku moja utakayoweza kuinyooshea kidole ukasema leo ndipo nilipofilisika. Bandu bandu huisha gogo, kweli, lakini gogo lenyewe halipati nafasi ya kushtuka. Na thamani? Ya mkweche imekwisha kushuka yote, haina pa kushukia tena. Mwenzako aliyetoa lake bandarini juzi anapoteza pesa hata akiwa usingizini. Wewe ukilala hupotezi kitu, isipokuwa saiti mira.

Elimu nayo si haba. Mwenye gari jipya anajua vitu viwili, kuwasha na kuongeza AC. Mwenye mkweche amehitimu. Anajua kwamba gari likichemka hufungui mfuniko wa rejeta hapo hapo, kama unaupenda uso wako. Anajua kwamba fundi aliyeing'oa themostati akisema nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho hakina kazi huku, ameifanya injini ifanye kazi ikiwa baridi na inywe mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyojaa kutu ya maji ya bomba, uko pale pale. Anajua kwamba pampu ya petroli imezamishwa ndani ya tanki na inapozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo ile desturi yetu ya "weka ya elfu kumi" huku taa ya mafuta ikiwaka wiki nzima ndiyo inayoiunguza. (Anajua, na kesho ataweka ya elfu kumi.) Maduka ya Shaurimoyo, Ilala, anayajua kuliko mtaa aliozaliwa: lipi lina spea ya Japani kweli, lipi lina boksi tu la Japani. Na fundi wake anampigia simu mara nyingi kuliko anavyowapigia ndugu zake.

"Bosi, hii injini bado ngoma kabisa. Ni bushi tu."

"Wiki iliyopita si ulisema shokapu?"

"Zile zilikuwa shokapu, bosi. Hizi ni bushi."

Aristotle mwenyewe asingepata pa kuingilia hapo.

Mkweche pia unatunza undugu kwa kuuwekea mipaka. Kamati ya harusi haikuingizi kwenye msafara wa bibi harusi. Shemeji haombi kwenda nao Moshi mwezi Desemba. Mtu wa lifti akikuona unakuja anaanza kuongea na simu. Dereva wa daladala anayemchomekea kila mtu pale Ubungo akifika kwako anapisha mwenyewe, kwa sababu anajua gari lisilo na rangi ya kupoteza halitishiki. Lakini mkweche ukizima Mwenge saa moja asubuhi, ndipo unapouona umoja wa kitaifa: muuza maji, kijana wa bodaboda, mzee aliyekuwa anaelekea zahanati, wasiojuana wote wanaweka mikono kwenye buti moja. Giaboksi ni ya otomatiki, gari haliwaki kwa kusukumwa, na wote wanalijua hilo. Wanasukuma tu ili njia ipatikane, kwa matusi na upendo.

Hata serikali imeutambua mkweche, pengine bila kukusudia. Hadi mwaka 2017 gari lililosajiliwa lilidaiwa ada ya leseni kila mwaka, liwe linatembea au limepandishwa juu ya matofali. Bajeti ya 2017/18 ikaifuta ada hiyo, na pengo lake likahamishiwa kwenye lita ya mafuta. Tangu hapo, kila siku ambayo Carina inalala kwa fundi, mwenye gari anakwepa kodi kihalali kabisa. Trafiki wa tochi naye hana lake. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na mkweche ukikaribia hapo usukani wenyewe unatetemeka kukuonya. Faini ya mwendo kasi ya shilingi 30,000 ni starehe ya wenye uwezo. Ya ubovu wa gari nayo ni hiyo hiyo 30,000, lakini leo tunasifu.

Uaminifu wake sasa. Mkweche hauondoki. Ukiupeleka sokoni, dalali hafungui hata boneti. Anaitazama namba, ambayo herufi yake ya kwanza baada ya tarakimu humwambia kila mtu gari liliingia zamu gani, anasema, "Namba A hii, kaka," na mazungumzo yanakuwa yamekwisha. Mnarudi nyumbani wote wawili.

Yote hayo ni madogo mbele ya kipaji chake kikuu: mkweche hauharibiki kiasi cha kutupwa. Unaharibika kwa kipimo. Siku umeapa kuuza, unawaka kwa mguso mmoja, unakwenda Kibaha na kurudi bila kukohoa. Siku umeamua kuutunza na umeufungia shokapu mpya nne, unachemka Kimara. Hauruhusu ufike mahali pa kuamua. Na kila shilingi uliyoitia inageuka wakili wake: nimeshaweka rejeta, niuze sasa hivi? Wakili huyo hashindwi kesi, na anachotetea siku zote ni pesa iliyokwisha kuondoka. Hesabu ya haki haimsikilizi. Inauliza ya mbele peke yake: mwaka unaokuja gari hili litakula nini, na lingine la bei unayoimudu litakula nini, ukijumlisha kodi, usajili na yale magonjwa ya Kijapani. Rejeta ya mwaka jana haimo katika hesabu hiyo.

Ukiipiga kwa uaminifu, mara nyingi mkweche unashinda, na hapa sitanii. Bushi, pedi za breki, plagi, belti na shokapu ni vitu vya kuchakaa. Hata ukileta gari la miaka 8 utavinunua, tena vya gari hilo huenda visipatikane kirahisi kama vya Carina. Injini ikifa, ipo ya mtumba. Ila kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kadi nayo lazima ibadilishwe, usije ukajikuta unamweleza polisi historia ya mtu usiyemjua. Giaboksi inapatikana. Kisichouzwa Shaurimoyo ni bodi nzima isiyo na kutu. Carina haina chasi ya kujitegemea kama ya lori. Bodi ndiyo inayobeba injini, abiria na kila kitu, na upepo wa chumvi wa pwani unaila kuanzia chini, mahali ambapo mwenye gari hachungulii. Siku fundi wa kuchomelea atakapokuambia hana bati zima la kushikiza bati jipya, gari limekwisha, hata kama injini inaimba kama siku ya kwanza. Na pedali ya breki inayozama hadi chini haisubiri mwisho wa mwezi. Gari linaegeshwa siku hiyo hiyo, na sifa zote zilizotangulia hazihusiki nalo.

Carina hii imenyanyuliwa na kuchunguliwa chini wiki hii. Bati ni zima, breki zinashika. Mwezi huu ni bushi za mbele tu.