Sifa za Sauti Inayokatikakatika

“Ka…bu. Kwa hu…ma za mi…po, bo…eza mbi…”

Hivyo ndivyo mashine ya simu ya intaneti inavyoweza kumlaki mteja aliyepiga kutoka Runyenjes kuulizia mkopo wake katika ofisi fulani mjini Embu. Mteja hubonyeza namba yoyote iliyo karibu na kidole. Kisha huwekewa muziki wa kusubiri, nao hucheza kama abiria anayeshushwa matatu kila hatua kumi. Watu huita hiyo aibu ya ofisi. Wanakosea. Katika ofisi nzima, sauti hiyo ndiyo mfanyakazi pekee asiyeficha kwamba amechelewa.

Sifa zake zinaeleweka vizuri kuanzia shambani. Kahawa ya Embu ikishamenywa, kuoshwa na kukaushwa, haina haraka; ikikaa ghalani wiki mbili zaidi ikingoja mnada wa Nairobi, bado ni kahawa. Miraa ya Igembe ni jambo jingine kabisa. Hukatwa, hufungwa kwa majani ya migomba, na Hilux huondoka Maua kwa kasi ambayo wakazi wa Chuka na Embu wameshazoea kuipisha, kwa sababu baada ya siku mbili hivi nguvu yake imekwisha na mnunuzi hageuzi hata shingo. Barua pepe ni kahawa. Sauti ya simu ni miraa.

Seva ya simu huikata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde. Neno “karibu” peke yake hupakiwa katika pakiti ishirini na kitu. Pakiti iliyochelewa hutupwa, wala haiagizwi nyingine mahali pake, maana nani anataka “ri” ifike baada ya “bu”? Pengo linalosikika ni mzigo mchakavu uliokataliwa mlangoni. Muuza sukuma anayechanganya ya jana na ya leo hana uadilifu wa namna hiyo.

Sifa ya pili ni kubwa zaidi: mgonjwa huyu hutaja mwenyewe mahali panapomuuma. Karani wa Meru na mwenzake wa Embu wakiongea vizuri bila kukatika, lakini salamu iliyorekodiwa na muziki wa kusubiri vikawa vipande vipande, basi mtandao hauna kesi ya kujibu. Kosa liko ndani ya seva, na mara nyingi ni saa. Wawili wanaoongea huja na mdundo wao. Pakiti huingia kwa mwendo wa sauti zao na seva huzipitisha tu. Rekodi ikichezwa, seva yenyewe ndiyo mpiga ngoma, na lazima ijue kila mara milisekunde 20 zimetimia lini. Ikikosa saa ya kutegemea, huharakisha vipande vitatu, husinzia, kisha hukurupuka.

Ugonjwa huu una ukoo wa heshima. Mwaka 1999 Mark Spencer aliandika programu ya seva ya simu iitwayo Asterisk kwa sababu kampuni yake changa huko Alabama, Marekani, haikumudu bei ya mtambo wa simu. Programu hiyo ilichukua saa yake kutoka kwa kadi za Zaptel, zilizopiga midundo 1,000 kila sekunde. Zilitokana na mradi wa Jim Dixon, aliyeuita kwa jina la mwanamapinduzi wa Mexico, Emiliano Zapata. (Mwaka 2008 jina la Zaptel lilibadilishwa kuwa DAHDI kwa sababu ya haki ya jina, na mwanamapinduzi akastaafu.) Wapo walionunua kadi wasiyoichomeka waya wowote wa simu, wakitaka saa yake tu. Katika matoleo ya zamani, muziki wa kusubiri ulifuata mdundo wa pakiti zinazotoka kwa mpigaji; simu yake ikiwa imepangwa kutotuma chochote wakati wa ukimya, basi mteja akinyamaza kwa adabu, muziki nao ulinyamaza kwa adabu. Ni mtambo gani mwingine umewahi kumstahi mteja kiasi hicho?

Siku hizi saa hutolewa na Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yenyewe. Fundi huandika amri ya “timing test”, na seva humwambia imehesabu midundo mingapi katika sekunde moja. Ikitakiwa 50 ikaleta 50, anahamia kwa mshukiwa wa pili: kompyuta moja iliyobebeshwa seva pepe tano zinazogombea prosesa, au muziki wa MP3 unaofumuliwa upya kwa kila anayesubiri. Dawa ya hilo la mwisho ni kuugeuza mapema uwe katika muundo ule ule wa laini, sampuli 8,000 kwa sekunde.

Mazungumzo yenyewe yakikatika, hapo ndipo mtandao huitwa kizimbani. Lakini umbali usisingiziwe. Kutoka Maua hadi Nairobi ni kilomita karibu 300, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo humaliza safari hiyo kwa milisekunde moja na nusu hivi. Kinachochelewesha ni foleni, na foleni mara nyingi iko kwenye rauta ya ofisi hiyo hiyo, ambako mtu anatazama mpira. Pakiti za sauti zikipewa alama ya kipaumbele, namba 46, na rauta ikafundishwa kuiheshimu, video huzipisha kama malori yanavyoipisha Hilux ya miraa. Kuna pia ghala dogo la kuzingojea zilizochelewa kidogo ili zitoke kwa mpangilio. Likizidi ukubwa, pengo huondoka na ucheleweshaji huingia. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri safari ya upande mmoja isizidi milisekunde 150. Ikizidi sana, watu huongea kwa mpigo, jambo ambalo kikao cha wazee wa Njuri Ncheke hakingelivumilia.

Kuhusu faida zake kwa jamii, ushahidi uko kila mahali. Mdaiwa husema, “Baite, unakatika, nitakupigia,” na wote wawili wanajua hatapiga. Hotuba ya dakika kumi hufupishwa ikawa “sema kwa ufupi.”

Kwa hiyo msomaji akipiga simu akalakiwa na “Ka…bu”, asikate haraka. Avumilie mpaka apate mtu, kisha amuulize swali moja tu: ninyi kwa ninyi mnasikilizana vizuri? Jibu likiwa ndiyo, na sauti ya huyo mtu haikatiki, amwambie aite fundi wa seva, na kampuni ya intaneti iachwe ipumzike.