Jua la Bure, Hewa ya Gharama

Anayeuza pampu ya sola haanzi na pampu, anaanza na jua. Hukutoa nje ya duka, akanyoosha kidole juu, akakuuliza: "Hilo nani anakudai?" Baba Mdogo alikuwa akidaiwa na kituo cha mafuta, kwa hiyo swali lilimwingia sawasawa. Alirudi Kalenga na paneli mbili, pampu ya kukaa ukingoni, mpira, kisanduku cha kuongozea umeme, kijitabu cha maelekezo, na imani.

Kalenga ni kijiji kile cha Iringa ambacho wageni hufika kutazama fuvu la Mkwawa, kisha wakaondoka bila kununua nyanya. Shamba letu liko juu, mto Ruaha Mdogo uko chini, na katikati kuna ukingo ambao ndio kisa chote. Maji yanayotushinda kuyapandisha hayapotei bure. Yanashuka hadi Ruaha Mkuu, yanaingia bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya megawati 80, kisha yanateremka Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Nyanya zikinyauka Kalenga, kuna mtu Dar es Salaam anapiga pasi. Baba Mdogo huona kwamba kwa mchango huo alistahili angalau barua ya shukrani.

Fundi alikuwa wa kijijini, hodari wa redio, simu na pikipiki. Sola ilikuwa fani yake mpya, na kijitabu alikiheshimu mno. Kiliandikwa na watu wa kaskazini ya dunia kwa ajili ya jirani zao. Kilisema paneli zitazame kusini na ziinuliwe nyuzi 45, na fundi akazielekeza kusini, nyuzi 45, akatumia hadi pimamaji ya mwashi kuhakikisha. Ilikuwa Desemba. Mwezi huo jua la mchana kwetu hupita kusini kidogo mwa utosi, kwa hiyo paneli zilifurahi, na maji yakapanda kwa kishindo. Watu walikuja kutazama wakiwa na miavuli. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nasi tulikuwa tukimwagilia matope yake.

Masika yakaisha, likaja jua kali la kiangazi, na pampu ikaanza kunung'unika. Kufika Juni maji yalikuwa yakitoka kwa kudondoka, tena mchana mweupe, mbingu haina hata wingu la kusingizia.

Ukoo ukakutana. Uamuzi haukuchelewa: ni baridi. Iringa ya Juni watu wavaa masweta mawili, sembuse kioo kilichoachwa nje usiku kucha! Shangazi akatoa blanketi. Kila jioni paneli zikafunikwa, na kila asubuhi zikafunuliwa saa tatu, "zikishaamka." Ukweli ni kwamba paneli hupenda baridi. Zinahitaji mwanga, si joto, na kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 huzipunguzia kama asilimia 0.4 ya nguvu zake. Juni ya Iringa, baridi kavu na anga jeupe, ndiyo raha yao. Lakini nenda wewe ukamwambie Shangazi kwamba blanketi lake halina kazi.

Aliyefumbua fumbo ni mwalimu mstaafu wa jiografia aliyefuata deni lake la nyanya. Alisimama nyuma ya paneli akaona kivuli chake na uso wa paneli vimeelekea upande mmoja. "Nyie," akasema, "jua liko nyuma yenu." Mwishoni mwa Juni, jua la saa sita mchana huku kwetu liko kama nyuzi 31 kaskazini ya utosi, na paneli zetu zilikuwa zimeinamia kusini. Saa sita zilipata robo tu ya mwanga. Asubuhi na jioni jua lilizipiga mgongoni kabisa.

Basi zigeuzwe zitazame kaskazini, tena zilazwe hadi nyuzi 10 au 15, kiasi cha mvua kuteremsha vumbi. Fundi akashika spana, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: "Kaskazini ni wapi?"

Dodoma iko kaskazini ya Iringa, karibu kwa mstari ulionyooka. Hilo kila mtu alilijua. Ubishi ukawa Dodoma iko wapi. Baba Mdogo alionyesha barabara ya kwenda mjini, maana basi la Dodoma hupandwa stendi. Shangazi alionyesha upande mwingine, kwa kuwa mwanawe anayekaa Dodoma akija huja kwa kupita nyumba ya mchungaji. Simu ya fundi ilikuwa na dira, ila dira ikataka kwanza ichorewe namba nane hewani, na fundi akaona haya kuchora mbele ya wakwe wa watu.

Ndipo akapita jirani yetu, mzee wa msikitini, na jembe begani.

"Shikamoo, mzee. Eti kaskazini ni upande gani?"

"Marahaba. Kaskazini sina habari nayo. Kibla ni huku." Akanyoosha mkono bila hata kutua jembe.

Kutoka Iringa, Makka iko kaskazini, ikipinda kidogo tu mashariki, na kwa paneli mpindo huo si kitu. Fundi akafunga nati kwa kufuata mkono wa mzee. Saa nane mchana maji yakajaza simtanki. Shangazi, ambaye ni Mlutheri wa kusimamia kwaya, akakunja blanketi lake akasema, "Haya, zimesilimu."

Jua likawa limeshughulikiwa. Kumbe adui alikuwa hewa.

Agosti mto ulipungua. Pampu ilibaki pale juu ilipofungwa Desemba, na maji yakazidi kwenda chini. Ikafika siku mota inalia, mpira umejaa, na kule juu hakitoki kitu. Dawa ya fundi kwa kila ugonjwa ilikuwa moja: ongeza paneli. Angeongeza hadi zifike Dodoma, popote ilipo, maji yasingepanda. Pampu haivuti maji. Kazi yake ni kupunguza hewa ndani ya bomba, halafu hewa ya nje inayoukandamiza mto ndiyo inayoyasukuma maji juu. Hewa hiyo ina nguvu zenye kikomo. Kule Italia, Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba pampu za kunyonya hugoma maji yakipita kama mita 10, na miaka sita baadaye Torricelli, aliyekuwa msaidizi wake, alieleza katika barua kwamba uzito wa hewa ndio sababu. Tena hiyo mita 10 ni ya pwani. Kalenga iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kikomo cha vitabuni kinashuka hadi kama mita 8 na nusu. Kikomo cha shambani, penye viungio na mafundi, ni mita 5 au 6. Kusukuma kwenda juu ni jambo jingine: ikishayapata maji, pampu ileile huyapandisha mita 20 bila kusikitika.

Kwa hiyo pampu ishushwe karibu na maji. Ilishushwa. Mpira wa kunyonya ukawa hautoshi, na fundi akaongezea kipande cha ule mpira wa bluu wa kumwagilia, ule laini unaokunjika. Pampu ikawashwa, hewa ya nje ikaukandamiza mpira ukawa bapa kama chapati ya hotelini, na mto ukaendelea na safari yake ya Mtera. Upande wa kunyonya hutaka mpira mgumu wenye mbavu. Ukanunuliwa.

Bado. Mara hii kulikuwa na tundu, na tundu la upande wa kunyonya lina ujanja wake: halidondoshi maji, linaingiza hewa. Fundi alitafuta unyevu akakosa, akatangaza mpira ni mzima. Aliyelipata ni mtoto wa darasa la nne aliyekuwa amelala juu ya mpira akiota jua. "Babu, huyu anapiga mluzi." Tukazima, tukajaza mpira maji, na kweli kwenye kiungio yakachuruzika. Tredi tepu ikazungushwa, klipu ikakazwa, na juu yake, kwa kuwa tuko Tanzania, ukafungwa utepe wa tyubu ya baiskeli.

Siku hizi pampu inafanya kazi, yaani ina matatizo ya kawaida. Kokoto hukwama kwenye vali ya mdomoni mwa mpira, maji yanarudi mtoni usiku, na asubuhi Baba Mdogo huinywesha pampu kwa birika kabla ya kunywa chai yake mwenyewe, maana ikizungushwa kavu sili ya shafti huungua. Nyigu wamejenga nyuma ya paneli. Shangazi ameona kwamba kioo kile hukausha mahindi upesi. Anaambiwa gunzi moja likitia kivuli linakaba sehemu kubwa ya paneli, anajibu kwamba hakuweka magunzi, ameweka punje. Na mvua zikikaribia kila mtu anajua pampu inapaswa kupandishwa kabla mto haujaifuata, na kila mtu ghafla ana mgongo.

Fundi ndiye aliyetoka na faida. Amepata wateja ng'ambo ya mto, na haendi kufunga paneli bila kumchukua yule mzee kwa bodaboda. Mzee anasema kuonyesha kibla hakulipwi. Nauli anapokea, na chakula cha mchana, na juzi ameuliza kama Ruaha Mbuyuni nako hawahitaji.