Kikao cha Ufunguo

Hapa Kasingirima, Ujiji, hakuna mtu anayefungua kitu peke yake. Ukifungua boneti, umeitisha mkutano. Ukifungua redio, kamati imeshaundwa. Na Ujiji ina uzoefu wa siku nyingi katika fani hii ya kukusanyika. Mwaka 1871, Stanley alipoingia hapa na msafara wake, bunduki zikipigwa hewani, watu walitoka mbio kwenda kumwangalia kabla yeye hajamtia machoni huyo Livingstone aliyemfuata. Kwa hiyo ufunguo wa gari langu ulipokata roho chini ya mwembe, sikushangaa kuona wacheza bao wameacha kete zao wanakuja.

Gari lenyewe ni la Kijapani, lilitumika huko Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, na huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Ufunguo wake ni kidude cheusi cha plastiki kama kipande cha sabuni ya gesti. Ukiwa nao mfukoni, mlango unakutambua. Betri ikiisha, mlango unakukana mchana kweupe. Dashibodi, kusema haki, hutoa onyo mapema, ila hulitoa kwa Kijapani, na mtaani kwetu msomaji wa lugha hiyo bado hatujampata.

“Huo unafunguliwa kwa sarafu, kaka,” alisema kijana wa bodaboda, akatoa shilingi 500. Ilikuwa nene, ikagoma. Hapo mama muuza migebuka akanipa kisu chake. Nilichomoa kile kifunguo cha chuma kinachojificha tumboni mwa plastiki, nikaona ufa palipokuwa, nikapenyeza ncha, nikazungusha kidogo. Ta! Kifuniko kikaenda huku, ule mpira wa vitufe ukaruka kule mchangani, watoto wakaufuata wakigombana.

Betri ilichomoka bila matata, ikiwa imeng'aa kwa mawese. Kisu kilitoka kwenye samaki moja kwa moja, na Kigoma kitu kisichoguswa na mawese bado kiko njiani kinaletwa. Nikasema vile vidole vya shaba ndani ya ufunguo vinataka viwe vikavu na safi, mafuta na uchafu huzuia umeme kupita. Mzee mmoja wa bao akakohoa.

“Mwanangu, Liemba ilizamishwa na mafuta yake.”

Kimya. Mzee ana haki ya kuitaja Liemba. Hapa kila mjadala, hata wa mahari, mwisho wake hutia nanga kwenye meli ile. Na habari yake ni ya kweli. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaileta vipande vipande kwenye maelfu ya masanduku, kwa meli na kisha kwa reli, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 vita vilipowaelemea, mafundi wakapaka injini grisi nzito na kuizamisha. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

“Miaka 8 chini ya ziwa, kwa sababu ya mafuta,” alisema mzee. “Sasa wewe unaogopa mawese kidogo?”

Ningemjibu nini? Kwamba grisi ilikuwa inazuia maji yasile chuma, na hapa sisi tunataka umeme upite? Wenzake walishaitikia kwa vichwa. Nikafuta betri kwa shati, taratibu, nikijifanya najipangusa jasho.

Juu ya betri kuliandikwa CR1632. Tarakimu hizo ni vipimo tu: upana milimita 16, unene milimita 3.2. Dukani wakanipa 2032. “Hii ndiyo ya wote,” alisema muuzaji. Ni kweli ni ya wengi, imo hata ndani ya kompyuta za mezani, lakini ina upana wa milimita 20, na kitanda cha milimita 16 hakibembelezwi. Akashauri tuikwangue kwa tupa.

Zilikuwapo pia 1616. Hapo kijana wa bodaboda akang'amua jambo, uso ukamwangaza. Upana 16, sawasawa. Unene 1.6. “Mbili ukizipandanisha ni 3.2! Tumemaliza!”

Watu wakapiga makofi. Hesabu ilikuwa safi kabisa, na huo ndio ubaya wake. Kila moja ina volti 3. Ukizipandanisha unene unajumlika na volti nazo zinajumlika, zinakuwa 6, na ule ubongo mdogo wa ufunguo unaungua. Nikakataa. Nikaonekana mchoyo wa shilingi elfu chache.

Katika vurugu hizo mtoto mmoja alikuwa ameokota ile betri iliyokufa, anaipeleka mdomoni. Kwa hili sikucheka, nilimpokonya. Betri ya kidonge ikikwama kooni mwa mtoto huweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, na hata iliyochoka kuendesha ufunguo bado ina nguvu za kazi hiyo.

Fundi saa alikuwa ameketi kwenye mzizi wa mwembe muda wote, anakula kashata.

“Ufunge ufunguo tu hivyo hivyo,” alisema. “Fungua mlango kwa hicho chuma, kaa, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe, kisha ubonyeze. Ndani mna chipu isiyotegemea betri, inaazima umeme wa kitufe chenyewe. Betri yako ninayo nyumbani, nitakuletea kesho.”

“Sasa fundi, mbona hukusema mapema?”

“Mlikuwa na kikao. Mimi sikualikwa.”

Nikafanya alivyosema, injini ikawaka. Shukrani zikageuka lifti: kufumba na kufumbua viti vya nyuma vilijaa watu wa kwenda Mwanga, na mbele akakaa bibi mmoja na ndoo yake ya dagaa. Kile kisanduku cha kulipia barabara za Japani, ambacho hakuna fundi aliyewahi kukinyamazisha, kikaanza maneno yake kwa sauti ya binti mpole.

“Waalaikum salaam, mwanangu,” bibi akaitikia. Kisha akanigeukia. “Anasemaje?”

“Anasema kadi haipo, bibi.”

“Kadi ya mchango wa harusi? Mwambie mwezi huu sina.”